Nani Kasema, au Kasema Nini?

Yako maswali mawili ambayo mtu mwenye busara hujiuliza anapoletewa habari. La kwanza ni: nani kasema? La pili ni: kasema nini, na je, ni kweli? Maswali yote mawili ni halali, lakini lipi litangulie si jambo dogo. Anayeanza na la pili anatafuta ukweli. Akishaupata ndipo humtafuta msemaji, ama ampongeze ama amtoze. Anayeanza na la kwanza mara nyingi hafiki kwenye la pili. Akishamtia mkononi msemaji, huona kazi imekwisha, na yale yaliyosemwa hubaki palepale yalipokuwa, hayajakanushwa wala kuthibitishwa.

Hoja yangu katika kurasa hizi ni nyepesi kuieleza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, pamoja na kesi zilizojulikana sana chini yake, imetuzoesha kuanza na swali la kwanza. Mazoea hayo hayatufai, na anayeumia zaidi kwayo si mkubwa, ni mnyonge.

Bunge liliipitisha sheria hiyo mjini Dodoma tarehe 1 Aprili 2015. Rais Jakaya Kikwete akaitia saini mwezi huohuo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba. Kutoka Dodoma hadi kwetu Kolo, ukiipita Kondoa mjini, ni kilometa zipatazo 180 kwa barabara iendayo Babati na Arusha. Sheria ilitufikia kabla lami haijakamilika. Lakini simu zilikuwa zimekwisha kufika, na palipo na simu pana maneno.

Tuipe sheria haki yake kwanza. Haikutungwa bure. Kabla yake, mtu aliyeingia katika kompyuta ya benki bila ruhusa alikuwa mwizi ambaye vitabu vyetu havikumfahamu vizuri, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza iliandikwa ikiwafikiria mwizi wa ng'ombe na mvunja nyumba. Kifungu cha 4 kinamtaja mdukuzi waziwazi: aingiaye kwa makusudi, bila haki, katika mfumo wa kompyuta usio wake. Adhabu yake haipungui faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Sina ugomvi na kifungu hicho. Hata sisi wa vijijini tunawajua matapeli wa mtandao. Ni nani mwenye simu ambaye hajapata ujumbe wa mtu asiyemjua, ukimwambia ile hela itume kwenye namba hii?

Ugomvi wangu unaanza pale sheria ilipowatia watu watatu tofauti katika kapu moja. Wa kwanza ni huyo mdukuzi, mvunja mlango. Wa pili ni mwongo, ambaye kifungu cha 16, kama kilivyopitishwa, kilimwekea faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wa tatu ni mtunza siri: yule aliyeendesha baraza la mtandaoni, watu wakazungumza humo kwa majina ya kupanga, naye akakataa kuyatoa majina yao ya kweli. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwandikia mtu amri ya kutoa taarifa alizonazo, pale zinapohitajika kwa upelelezi. Hakimu haingii hapo mwanzoni. Anatafutwa tu ikiwa taarifa hazikupatikana kwa njia hiyo. Na kifungu cha 22 kinamwadhibu anayekaidi amri. Faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja.

Msomaji na atazame tena tarakimu hizo. Kima cha chini kwa anayeficha jina la mwenzake ni sawasawa na cha anayevunja na kuingia katika kompyuta ya mtu. Mizani ya sheria imeona uzito mmoja.

Haikuchukua muda mrefu kabla mizani hiyo haijatumika. Jamii Forums ilianzishwa mwaka 2006, ikawa baraza kubwa la Watanzania mtandaoni. Huko waliandika walimu, makarani, wanasiasa na wanafunzi, wengi wao kwa majina ya kubuni, na humo ziliibuliwa tuhuma nyingi za ufisadi ambazo magazeti yalizichukua baadaye. Tarehe 13 Desemba 2016, mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa Dar es Salaam, na siku tatu baadaye akafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Alifunguliwa mashauri matatu. Kiini chake kilikuwa kwamba hakutoa taarifa ambazo polisi walizitaka kuhusu wachangiaji wake, waliokuwa wameandika madai juu ya kampuni za biashara. Shtaka jingine lilihusu kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa anwani ya nchi yetu.

Mashauri hayo yalikokotwa kwa karibu miaka minne. Moja lilimalizika mwaka 2018 kwa washtakiwa kuachiwa huru. La pili, Aprili 2020, Melo alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, akahukumiwa kulipa shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. La tatu likafungwa Novemba 2020, naye hakwenda jela. Katikati ya hayo, kampuni yake ilikuwa imekwenda Mahakama Kuu kupinga uhalali wa kifungu cha 32, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta.

Sisemi kwamba wachangiaji wale walisema kweli. Huenda walisema kweli, huenda walizusha, mimi sijui. Na hilo ndilo linalonisumbua. Miaka minne ya mashahidi na maahirisho ilizunguka swali moja tu: ni akina nani hawa? Kama madai yao yalikuwa ya uongo, kampuni zile zilistahili hukumu ya kuzisafisha. Kama yalikuwa ya kweli, wananchi walistahili kujua. Hukumu juu ya jina lililofichwa haikumpa yeyote kati yao alichostahili.

Wapo watakaonijibu kwamba mahakama za nje nazo huwalazimisha watu kutoa majina. Ni kweli, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Uingereza wa mwaka 1973, shauri la Norwich Pharmacal. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza ya kemikali fulani, ikagundua kwamba kuna watu wanaiingiza nchini kinyume cha haki yake. Majina ya waingizaji yalikuwa kwa watu wa forodha, ambao wenyewe hawakuwa na kosa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamuru majina yatolewe. Lakini tuangalie mambo yalikwendaje. Aliyetaka majina alikwenda mahakamani. Alionyesha kwanza kwamba amedhulumiwa. Mwenye majina akasikilizwa. Majaji wakapima faida ya kufichua na madhara yake, ndipo wakaamua. Swali la kasema nini, au katenda nini, lilitangulia. La nani likafuata. Kwetu barua ya mkuu wa kituo inatosha kuanza nayo, na mkuu wa kituo ndiye huyohuyo anayepeleleza. Hakuna mtu, hata awe mwema namna gani, anayeweza kuwa mpelelezi na msuluhishi wa upelelezi wake mwenyewe.

Sasa niwageukie wale wanaosema kwamba anayejificha ni mwoga, na kwamba mwenye ukweli hahitaji kinyago. Hoja hii ina nguvu hapa Kolo kuliko mjini. Katika baraza la wazee, mtu akileta tuhuma huulizwa palepale: umeyasikia kwa nani? Akishindwa kumtaja, maneno yake huhesabiwa kuwa ya upepo. Ni desturi nzuri, nami nimelelewa ndani yake. Tena madhara ya maneno yasiyo na mwenyewe nimeyaona. Miaka kadhaa iliyopita, ujumbe ulizagaa katika simu za kijiji kimoja cha wilaya yetu kwamba mama mmoja, mtunza hazina wa kikoba, amekula fedha za wenzake. Hakuna aliyejua ujumbe umetoka wapi; kila aliyeupokea aliupeleka mbele. Kwa wiki tatu yule mama hakuonekana gulioni. Wanawe walizomewa njiani wakienda shule. Tunayo methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengi waliitumia siku zile kama ushahidi. Sijaona methali iliyowahi kumdhulumu mtu kuliko hiyo.

Lakini ni nini kilichomsafisha? Si kumpata mwandishi wa ujumbe. Hakupatikana hata leo. Kilichomsafisha ni madaftari. Wanachama walikaa chini ya mwembe, sanduku likafunguliwa kwa funguo zake tatu, fedha zikahesabiwa mbele ya wote, nazo zikalingana na maandishi hadi shilingi ya mwisho. Siku ile alinyanyua kichwa. Angekamatwa mzushi na kufungwa bila sanduku kufunguliwa, watu wangesema amefungwa kwa sababu amesema kweli. Jina jema hung'aa gizani, lakini lazima pawepo mtu wa kufungua kasha.

Na desturi ile ya baraza, ya kuuliza umeyasikia kwa nani, ilifaa kwa kuwa wote waliokaa pale walikuwa takriban sawa. Je, mhudumu wa zahanati anayeona dawa zikitoka usiku kwa mlango wa nyuma, amseme mkubwa wake kwa jina lake kamili? Karani wa ushirika anayeona mizani ya alizeti imechezewa, asimame mkutanoni? Kesho atapangiwa kituo cha mbali, au mkataba wake hautaongezwa, na hatapata mahali pa kushtaki. Mjini mtu huhama mtaa. Kijijini utakutana na uliyemsema kisimani, msikitini, kanisani na msibani. Kwa mtu kama huyo jina la kupanga ndiyo ngao pekee anayoimudu.

Tena tusidanganyane kwamba jina hilo linamficha mtu mbele ya dola. Tangu Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nazo ziliwataka wenye mabaraza na blogu kuwa na leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka; wenye vibanda vya intaneti wakatakiwa kufunga kamera. Juni mwaka huo Jamii Forums ilifunga milango kwa wiki tatu hivi kwa sababu ya kanuni hizo. Ngao iliyobaki ni nyembamba mno. Inamkinga mtu na bosi wake na jirani yake tu, na hao ndio anaowaogopa.

Jambo la ajabu ni kwamba Bunge lenyewe lililijua hilo. Mwaka uleule wa 2015 ilitungwa sheria nyingine, ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kwa sheria hiyo, anayefichua uovu mbele ya mamlaka husika anastahili kulindwa, na jina lake kuhifadhiwa. Kwa maneno mengine, mtu akizungumza na ofisi, kuficha jina ni hekima. Akizungumza na wananchi, kuficha jina ni dalili ya hatia. Nani aliyetuambia kwamba wananchi ni wasikilizaji wa daraja la chini kuliko ofisi? Na afanye nini yule ambaye mwovu wake ndiye mwenye ofisi?

Kuna watakaosema kwamba waasisi wetu hawakujificha. Watamtaja Mwalimu Nyerere, nami nawaunga mkono katika kumtaja. Mwaka 1958 aliandika katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, akiwalaumu maofisa wawili wa wilaya, Waingereza, kwa namna walivyowatendea watu. Serikali ya kikoloni ikamshtaki kwa kashfa. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili maarufu kutoka Uingereza. Agosti mwaka huo mahakama ikamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela. Faini ikalipwa.

Naam, Mwalimu alisema kwa jina lake. Lakini alikuwa Rais wa TANU, nyuma yake kulikuwa na chama kizima, na kesi yake ilisikika hadi London. Hatumpimi karani wa ushirika kwa kipimo hicho. Na lipo somo jingine katika kesi ile. Katika 1958 mahakama ilishughulika na maneno yenyewe: je, maofisa wale walitenda au hawakutenda? Mashahidi waliitwa kueleza mambo yaliyotokea wilayani. Mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, alilazimika kuyajadili yaliyoandikwa. Miaka 62 baadaye faini ilikuwa shilingi milioni 3 badala ya elfu 3, nasi hatukuyajadili yaliyoandikwa kabisa.

Nikiwa mtu wa Kolo siwezi kuzungumza juu ya kazi zisizo na majina nisitaje majabali yetu. Juu ya vilima hivi kuna michoro ya watu na wanyama ambayo Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na ambayo mwaka 2006 UNESCO iliiandikisha katika urithi wa dunia. Hakuna hata mchoro mmoja wenye saini. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi ni akina nani waliochora na walikusudia nini, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba twiga yule aliyeko ukutani si twiga kwa kuwa mchoraji hajulikani. Kazi imetazamwa yenyewe, ikapimwa kwa mistari yake, kwa rangi yake, kwa kufanana kwake na mnyama aliyepita. Walioharibu mahali pale ni wengine kabisa, wale waliofukua ardhi wakiamini Wajerumani walifukia mali. Nasi tunawashtaki kwa walichofukua.

Tukio la mwaka 2025 limenionyesha jambo hili kutoka upande mwingine. Tarehe 20 Mei akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa. Wadukuzi wakaweka humo, miongoni mwa mambo mengine machafu, habari ya uongo kwamba Rais amefariki. Tuliangalie tukio hili kwa utulivu. Jina lilikuwa la kweli, tena ni jina zito kuliko mengi katika nchi. Alama ya uthibitisho ilikuwepo. Aliyeanza na swali la nani kasema alipata jibu safi kabisa: kasema Polisi. Na akadanganyika. Aliyesalimika ni yule aliyesita, akatazama kilichosemwa, akajiuliza kama ndivyo habari kubwa kama hiyo hutangazwa, akasubiri redio na televisheni. Jina la kweli lilibeba uongo kwa urahisi uleule ambao jina la kupanga linaweza kubeba kweli.

Huyo aliyedukua ndiye mtu halisi wa kifungu cha 4, na ningefurahi kuona sheria ikimwandama yeye. Kilichofuata ni kwamba mtandao mzima wa X ulizibwa nchini. Serikali ilieleza baadaye kwamba sababu ni picha za ngono zinazoruhusiwa humo. Iwe sababu hiyo au nyingine, mlango mmoja ulivunjwa, nasi tukafunga mtaa.

Majirani zetu wa Kenya walipitia hayahaya, na mahakama zao zilijaribu njia nyingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya huko ilikifuta kifungu kilichofanya matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano kuwa jinai, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Mwaka uliofuata ikafuta jinai ya kashfa. Haikusema kwamba kuchafua jina la mtu ni halali. Ilisema kwamba aliyechafuliwa anayo njia ya madai: aende mahakamani, athibitishe kwamba maneno si kweli na yamemdhuru, alipwe. Huo ndio mpangilio ninaoutetea. Katika shauri la madai huwezi kukwepa swali la ukweli. Limekaa katikati ya meza.

Kwetu mambo hayakosi dalili njema. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, kule Arusha, iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, pamoja na vile vya jinai ya kashfa, vinakiuka mkataba wa jumuiya yetu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 nayo imekiri, angalau kwenye karatasi, kwamba taarifa za mtu ni mali yake.

Kinachobaki si kikubwa. Amri ya kufichua jina itolewe na hakimu, si na mpelelezi. Anayeitaka aonyeshe kwanza, kwa ushahidi wa awali, kwamba yaliyosemwa ni uongo wenye madhara au kwamba kuna kosa halisi lililotendeka. Mwenye baraza asikilizwe, na ikiwezekana mwenye jina la kupanga naye apate nafasi ya kujitetea kupitia wakili kabla jina lake halijatolewa. Mzushi aliyemwangamiza mama wa watu na afichuliwe kwa njia hiyo, alipe. Lakini karani aliyesema kweli juu ya mizani arudi kazini kesho yake asubuhi, wala mkubwa wake asijue ni nani kati ya makarani wake alikuwa na macho.

Tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Simu imeirefusha sana njia hiyo. Hatutaifupisha kwa kuwakimbiza wapita njia wote tukiwauliza majina. Tutaifupisha kwa kufungua sanduku mapema na kuhesabu mbele ya watu.